Siku Kompyuta Yangu Ilipogawa Nyama

Mwandiko wangu ni mbaya. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mtu akisikia mambo yangu mengine, jinsi nilivyoanza na turubai la mitumba sokoni Kiboriloni nikafika kwenye duka lenye mlango wa kioo, anaweza kudhani kila nilichogusa kilinitii. Mwandiko haukunitii. Mwalimu wangu wa darasa la nne aliwahi kuinua daftari langu juu, darasa zima likaliona, akauliza kama na kuku wa kwetu wameandikishwa shule. Nilifika darasa la saba nikaishia hapo, na kwa miaka mingi nilikuwa natia sahihi haraka haraka na kuifunika kwa kiganja.

Kwa hiyo siku nilipoiona kompyuta ikifanya kazi, kwenye ofisi moja mjini Moshi nilikofuata leseni, sikushangaa taa zake wala kelele zake. Nilitazama herufi. Karani mwenyewe alikuwa anakula andazi, vidole vina mafuta, na bado kila herufi iliyotoka ilisimama wima kama mtu wa kwaya. Nikasema moyoni, hii nitainunua.

Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huru. Vitu tulivyokuwa tukivificha chini ya magunia sasa tulivipanga mezani. Haikupita muda mrefu, ofisi moja ikawa inahama, ikauza vitu vyake vya zamani barazani. Watu waligombania viti na makabati ya chuma. Mimi nikaondoka na kompyuta na printa yake, ile ya kupiga kelele kama mtu anapasua kitambaa. Nilivibeba kwenye mkokoteni, nimevifunika blanketi, mpaka Kiboriloni. Wenzangu wa mitumba walinipokea vizuri.

"Mangi, umenunua televisheni?"

"Siyo televisheni."

"Ina picha?"

"Haina."

"Basi umenunua televisheni mbovu."

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuuzia watalii kofia. Nikafanya nilivyofanya siku zote. Nilichukua daftari, nikabonyeza kitufe kimoja kimoja, nikaandika kimefanya nini. Hiki kinafuta. Hiki kinarudisha. Hiki usikiguse. Masika ilipokwisha nilikuwa naijua kuliko karani yule wa andazi, na hili silisemi mimi, alilisema mwenyewe alipokuja dukani kuniuliza jinsi ya kuweka mstari chini ya maneno. Nilimwonyesha bure. Sikujua mtu mwingine pale sokoni mwenye kompyuta, na kama alikuwepo, alijificha vizuri. Mke wangu aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, kama cha redio, na kila jioni baada ya kuizima tuliifunika.

Nikaacha mitumba taratibu, nikawa mtu wa kuchapa. Barua za kuomba kazi, risala za harusi, ratiba za mazishi, katiba za vikundi vya akina mama. Watu walileta maneno yao kwenye karatasi za kila aina, mengine nyuma ya kalenda. Nikiwakabidhi yakiwa yamechapwa, walikuwa wanabadilika kidogo. Mtu alikuwa ananyoosha mgongo. Mama mmoja kutoka Marangu, aliyekuja kuandika barua ya kulalamikia mfereji, aliisoma mara mbili akaniuliza, "Haya ni yangu mimi?" Nikamwambia ni yako, mama. Akasema hakujua kama alikuwa amekasirika kiasi kile.

Hilo nililiona mapema na nimelifikiria sana: maneno yaleyale yakichapwa, watu wanayaogopa zaidi. Nimewahi kuona mzee akibishana na katibu wa kijiji saa nzima, akaonyeshwa karatasi iliyochapwa, akanyamaza. Nami niliyeichapa karatasi ile nilijua mstari wa tatu niliukosea.

Kitu kilichonipendeza kuliko vyote katika mashine ile ni amri ya kupanga. Unaandika majina hovyo, yoyote yanayokuja kichwani, kisha unabonyeza, na majina yote yanakimbia kila moja mahali pake, A mpaka Z. Mara ya kwanza nilifanya kwa majina ya wanakwaya, nikacheka peke yangu. Baada ya hapo nikawa napanga kila kitu. Nilipanga bidhaa za duka. Nilipanga majina ya wanangu, nikakuta kitinda mimba amekuwa wa kwanza. Mke wangu alinikuta nikipanga vitu vya jikoni, binzari juu, vitunguu chini, akaniuliza kama siku hizi chakula kitaanza kuiva kwa A.

Sasa nije kwa baba mkubwa.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni kaka yake wa ukoo, wa nyumba nyingine, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu kule Mwika. Nililala kwake, nilikula kwake, viatu vyangu vya kwanza vilitoka kwenye kahawa yake. Ni mtu mkavu. Hajawahi kunisifu, hata siku nilipompelekea bati za nyumba nzima. Alizihesabu akauliza misumari iko wapi. Lakini kila Desemba, tukipanda wote mlimani kutoka mijini, alikuwa akila nyama yangu na kunywa mbege yangu, pombe yetu ya ndizi, na kwetu hiyo inatosha. Mtu mzima anayekula kwako anakubali kwamba wewe ni mtu.

Wiki ile baada ya Krismasi ukoo wetu huchinja ng'ombe. Nyama haigawiwi ovyo. Tuna nyumba kumi na nne, na kila nyumba inaitwa kwa zamu yake ya ukubwa, mkubwa wa ukoo kwanza, naye hupewa kidari. Kisha wanafuata wengine, mbavu, miguu, mpaka mwisho kabisa inabaki shingo. Majina yaliandikwa zamani na mwinjilisti mmoja wa ukoo kwenye daftari, na yeye ndiye aliyekuwa akiyaita. Mwaka ule mwinjilisti alikuwa amefariki, na daftari lake lilikuwa limenyeshewa mpaka kurasa zimegandana. Nikasema, niachieni mimi.

Nilifanya kazi nzuri. Nilizibandua kurasa kwa mvuke wa sufuria, nikayaandika majina yote, jina la kila mwenye nyumba. Kisha nikabonyeza.

Najiuliza mpaka leo kwa nini mkono haukusita. Mpangilio wa ukubwa niliujua, nilikulia ndani yake. Lakini nikiwa mbele ya ile mashine yale hayakuwa majina ya baba zangu. Ilikuwa orodha, na orodha kwangu ilikuwa na mwendo mmoja tu. Niliichapa kwenye karatasi nzito, nikaitia ndani ya plastiki, nikapanda nayo Mwika.

Aliyepewa kazi ya kuita alikuwa mtoto wa marehemu mwinjilisti, mwalimu wa Dar es Salaam, mtu wa kuja mara moja kwa miaka mitatu. Alisoma kilichoandikwa. Jina la kwanza lilikuwa la ndugu yangu wa nyumba ya mwisho, ambaye jina lake linaanza na A. Maisha yake yote alikuwa anakaa karibu na geti akisubiri shingo. Wachinjaji wakaacha visu, wakatazama ile karatasi. Ilikuwa inang'aa. Wakanitazama mimi. Nikawaitikia kwa kichwa, nikidhani wanaisifu.

"Ni mimi?" yule ndugu yangu akauliza.

"Ni wewe," mwalimu akasema. "Imeandikwa."

Akainuka, akapokea kidari kwa mikono miwili. Baba mkubwa, ambaye jina lake linaanza na W, aliitwa wa kumi na tatu. Wakati huo alikuwa ameshainuka, ameshika fimbo yake, yuko njiani migombani anarudi kwake. Nyama tuliyomtumia ilirudi. Mbege ikarudi. Niliposimama mlangoni kwake jioni ile alizungumza maneno machache tu.

"Umenitoa mbele ya watu wangu. Sili tena kwako."

Akafunga mlango.

Mwanzoni nilidhani ni jambo la wiki moja. Kosa lilikuwa la kubonyeza, na kosa la kubonyeza linarekebishwa. Nilishuka Kiboriloni, nikachapa orodha nyingine yeye akiwa juu kabisa, nikapanda tena. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na ile mashine?"

"Hapana, baba. Nimekuja na karatasi mpya."

Akavaa miwani yake, yenye uzi badala ya mkono mmoja, akaisoma.

"Nimekuwa wa kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Umefanyaje?"

"Nimekuhamisha tu. Haikufika hata dakika."

Nilisema hivyo kwa sababu nilijivunia. Akaikunja karatasi mara nne.

"Juzi imeniweka mkiani. Leo imenirudisha kichwani, na haikufika dakika. Kesho mtu akibonyeza tena, nitaamkia wapi?"

"Hakuna wa kubonyeza, baba. Mashine ni yangu peke yangu."

"Ndilo ninalolisema," akajibu, akaenda kumwangalia ng'ombe wake. Chai niliyoandaliwa na mke wake niliinywa peke yangu.

Nikaandika barua ya kuomba radhi. Ukurasa mzima, herufi kubwa, na pembeni nikazungushia maua niliyoyatengeneza kwa alama za nyota, kazi iliyonichukua asubuhi nzima, na ambayo wasomi kadhaa wa mjini wasingeiweza. Mke wangu akaipeleka. Alirudi na mkungu wa ndizi, maana ugomvi na yeye haukuwepo, na mbegu za maharage. Mbegu zilikuwa zimefungwa ndani ya barua yangu.

"Baba watoto," mke wangu akasema, anazimimina kwenye kopo, "umemtumia mzee karatasi kumwomba radhi ya karatasi."

Pasaka ikapita hakuja. Kipaimara cha binti yangu kikapita. Alikuja kanisani, akampa mtoto mkono, akaondoka kabla ya chakula. Kikohozi kilikuwa kimeanza kumsumbua, na mwili umepungua. Watu wa Mwika walionikuta sokoni walianza kuniuliza habari zake kwa sauti ile ya chini. Mimi nina nyumba, nina duka, nimesomesha watoto wa watu. Lakini mtu aliyekulea akikataa chakula chako, kisha akafa hajakionja tena, kwetu hakuna mahali pa kwenda kulirekebisha hilo. Utasimama kaburini kwake kama mpita njia.

Kwetu kuna isale. Ni jani refu la mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya urithi. Mtu akikufuata na jani hilo limefungwa fundo, amekuja kuomba radhi, na huwezi kumrudisha. Nilikuwa nimelikwepa jambo hilo miezi sita kwa sababu niliona ni la watu wasio na namna nyingine. Jumapili moja baada ya ibada nililikata, nikalifunga fundo, nikaenda.

Alikuwa anakatakata mgomba kwa panga, chakula cha ng'ombe. Nikaliweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani, baba."

"Upande wangu au wako?"

"Wangu."

"Afadhali." Akalichukua, akalichomeka kwenye mfuko wa koti. "Nimelipokea. Isale halikataliwi, hata la mjinga. Sasa kaa chini. Una kalamu?"

"Kalamu, baba?"

"Si wewe mwandishi wa ukoo?"

Mke wake akaleta daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikaona anakotaka kunipeleka.

"Baba, mwandiko wangu ni mbaya. Niache nikachape, nikuletee safi."

"Mwandiko wako naujua. Ulianzia kwenye meza yangu. Mwalimu wako alikuja mpaka hapa kuushtaki." Akakohoa, kidogo kiwe kicheko. "Kwenye daftari, ukitaka kumhamisha mtu lazima umkate kwa kalamu. Kila atakayefungua ataona umemkata, atauliza kwa nini. Kwenye mashine yako mtu anahama, na pale alipokuwa panajifunga kama maji."

"Tunaweza kutunza kwenye diski, baba. Haifutiki."

"Nikiishika hiyo diski nitaona jina langu?"

"Hapana. Mpaka uiweke kwenye..."

"Andika."

Tuliandika Jumapili tano. Yeye anakata mgomba, mimi nimeweka daftari gotini. Kumbe kila nyumba ilikuwa na sababu ya kuwa mahali pake, na sababu zenyewe hazikuwa umri tu. Nyumba ya pili ilikuwa ya pili kwa sababu mwaka wa njaa walifungua ghala lao. Sisi tuliojiona wa tatu, tulikuwa wa nne.

"Wa nne, baba?"

"Babu yenu mzaa babu aliuza ng'ombe wa ukoo, akazinywa zile fedha. Mwinjilisti alikuwa anawahurumia, anawaita wa tatu."

"Niandike hilo nalo?"

"Andika nne. Sababu ikae kichwani."

Nikaandika nne. Haikunipendeza, ila niliandika, na ile nne ni moja ya namba chache nilizowahi kuandika zikasomeka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mtu aliyekuja akikimbia kutoka ng'ambo ya mto, akapokelewa, akapewa kipande cha shamba kando ya korongo. Alifika wa mwisho, akawekwa wa mwisho. Nilipokuwa naandika jina la yule ndugu yangu wa A, baba mkubwa akauliza bila kunitazama.

"Kile kidari alikifanyaje?"

"Alimpelekea mama yake, baba. Kizima. Hakukikata hata kidogo."

"Mama yake, yule wa korongoni?"

"Ndiyo."

Panga likasimama. "Tangu aolewe yule mama hajala kidari," akasema. Kisha panga likaendelea. "Andika."

Lakini kula hakula. Jumapili zote tano nilifika na kitu, mara nyama, mara mtori wa ndizi wa mke wangu kwenye chupa ya chai, na mara zote alisema yuko sawa, ameshiba. Isale alikuwa amelipokea, asingeweza kufanya vinginevyo. Chakula ni hiari ya mtu.

Desemba niliomba ng'ombe achinjwe nyumbani kwangu, kwenye kihamba cha marehemu baba. Wakakubali. Sikujua kama atakuja. Saa nne asubuhi nikamwona anashuka njia ya migombani na fimbo yake, koti lilelile, akakaa kwenye kiti nilichokuwa nimekiweka. Daftari alikuja nalo yeye. Akampa yule mwalimu wa Dar, ambaye safari hii alikuwa amerudi mapema kuliko kawaida yake, nadhani kwa udadisi.

Mwalimu akalifungua. Akalisogeza karibu. Akaligeuza kidogo kuelekea jua.

"Kaka," akaniambia, "hii ni lugha gani?"

Akampa mwenzake, mwenzake akampa wa tatu. Mmoja alisema anaona kama mtu amekanyaga wino akaondoka. Watu walicheka, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wangu mwenyewe, mwenye duka la kuchapa, mwenye mlango wa kioo.

"Aliyeandika asome," baba mkubwa akasema.

Nikalichukua, nikasoma. Jina lake kwanza. Wakamletea kidari kwenye sinia, mbele ya miguu yake, na uwanja wote ukamtazama, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajui kwamba alikuwa halili kwangu. Alitoa kisu chake mfukoni. Akakata kipande kidogo, akakitia mdomoni. Meno yake yalikuwa machache, ikamchukua muda. Nilikuwa nimeshika daftari kwa mikono miwili, nikitazama taya lake, mpaka nikaona koo limeshuka.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza. "Endelea."

Nikaendelea. Wa pili, wa tatu, wa nne nikajiita mwenyewe, mpaka nikafika mwisho, kwa ndugu yangu wa A. Akainuka pale karibu na geti kuja kuchukua shingo. Baba mkubwa akamzuia kwa fimbo. Alikigawa kile kidari katikati, nusu akaifunga kwenye jani la mgomba, akampa.

"Mpelekee mama yako."

"Asante, baba. Nimwambie kimetoka kwa nani?"

Baba mkubwa akafuta kisu kwenye koti.

"Mwambie kimetoka kwenye kompyuta."